Fundi Ajibu: Injini Ndogo ya Petroli Inapogoma Kuwaka

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia jambo moja: jenereta, pampu, msumeno au mashine ya kukata majani inayovutwa kamba hadi bega linauma na isiwake. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Ndugu fundi, jenereta yangu ya mipigo minne ilikaa miezi minne bila kuguswa. Sasa haiwaki kabisa, hata kukohoa haikohoi. Nimeweka plagi mpya, bado. Jirani ananiambia nifungue kabureta. Nianzie wapi?

Kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, iache kwanza. Huenda ndiyo yenye kosa, lakini kuifungua kabla ya kupima ni kubahatisha, na mara nyingi gasketi huchanika na skrubu ndogo hupotea bure. Injini hii inahitaji vitu vinne tu: petroli nzima, hewa, moto wa plagi unaokuja kwa wakati wake, na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Kazi yako ni kujua kipi kimekosekana.

Anza na yasiyohitaji spana. Swichi iko upande wa kuwasha? Koki ya mafuta imefunguliwa? Choki (kibapa kinachopunguza hewa ya kabureta) imefungwa? Jenereta imekaa mahali tambarare? Hilo la mwisho wengi hulipuuza. Jenereta nyingi zina sensa ya oili ndani ya krankikesi (sehemu ya chini ya injini inayokaa oili). Oili ikipungua, au mashine ikiinama upande mmoja, sensa hukata moto wa plagi na injini haitoi hata dalili ya uhai. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe kama maelekezo ya injini yako yanavyosema (nyingine hutaka usikifunge kwa kuzungusha), kisha usome. Injini za ukubwa wa Honda GX160 huchukua takriban lita 0.6 tu, kwa hiyo upungufu wa glasi moja ni upungufu mkubwa.

Kisha petroli. Miezi minne ni mingi. Sehemu nyepesi za petroli, ambazo ndizo zinazowasha injini ya baridi, hutangulia kuyeyuka na kupotea, na inayobaki huanza kugeuka gundi. Ikiwa imechanganywa na ethanoli, huvuta pia unyevu wa hewa, na maji yakizidi hujitenga na kutuama chini ya tangi, pale pale koki inapochotea. Toa kidogo kwenye chupa ya kioo na uitazame penye mwanga. Petroli nzima inang'aa na harufu yake ni kali. Ukiona rangi imekoza, harufu imechachuka kama vanishi, au kuna tabaka mbili, mwaga yote kwenye chombo cha taka za mafuta na uweke mpya. Usiichanganye mbovu na nzima kwa matumaini ya kuiokoa.

Chini ya bakuli la kabureta kuna bolti ndogo ya kumwagia, mara nyingi ya spana namba 10. Weka kikopo, ilegeze, koki ikiwa wazi. Petroli ikitiririka mfululizo, njia kutoka tangini ni safi. Ikidondoka matone kisha ikakata, shida iko kwenye koki, kichujio chake au mpira wa mafuta, na kabureta haina hatia. Funga bolti na ukaushe kila tone kabla ya kuendelea.

Sasa pima moto. Chomoa plagi na uitazame. Imelowa petroli? Mafuta yanafika, tatizo liko kwenye moto au injini imefurika. Kavu kabisa baada ya kuvuta mara kadhaa na choki imefungwa? Mafuta hayafiki. Rudisha plagi kwenye kofia yake, ziba tundu la plagi kwa kitambaa, kisha gusisha ganda la chuma la plagi kwenye chuma tupu cha injini, mbali na tundu hilo. Ishike kwa koleo lenye mpini wa mpira na mwenzako avute kamba mkiwa kivulini. Mnatafuta cheche ya buluu inayosikika ikilia. Cheche nyekundu, hafifu, ya kurukaruka haitoshi, kwa sababu ndani ya silinda yenye kompresheni ni vigumu zaidi kuruka kuliko nje. Kuziba tundu ni lazima: mvuke wa petroli unaotoka humo huwaka papo hapo. Kifaa maalumu cha kupimia cheche ni salama zaidi, na bei yake ni ndogo.

Hakuna moto? Plagi mpya si uthibitisho, plagi mpya mbovu zipo. Jaribu nyingine unayojua ni nzima. Bado hakuna? Fuata waya mwembamba unaotoka kwenye koili (inayozalisha umeme wa plagi) kwenda kwenye swichi na sensa ya oili, uchomoe. Moto ukirudi, koili ni nzima. Swichi, sensa au waya uliochubuka na kugusa bodi ndiyo yenye shida. Kumbuka tu kwamba waya huo ukiwa umechomolewa, swichi haitazima injini. Utaizima kwa kufunga koki na kusubiri. Moto usiporudi, angalia kama sumaku ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na kamba, ina kutu (isugue kwa msasa laini) na kama nafasi kati yake na koili iko sawa. Kwenye injini nyingi nafasi hiyo ni kama milimita 0.3 hadi 0.4. Vyote vikiwa sawa, koili imekufa.

Moto upo, mkali, lakini bado haiwaki? Mwaga nusu kijiko cha chai cha petroli mpya ndani ya tundu la plagi, futa iliyomwagika nje, funga plagi na kofia yake, vuta kamba. Ikinguruma sekunde mbili kisha ikazima, umepata jibu: moto na kompresheni vipo, kinachokosekana ni mafuta kutoka kwenye kabureta. Hapo ndipo kabureta inafunguliwa. Isiponguruma hata kidogo, usirudie kumimina. Geukia kompresheni na kii ya flaiwili, ambayo tumeieleza hapa chini kwenye barua ya mashine ya majani.

Majaribio yote yafanyike nje, kwenye uwazi. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na huua mtu kwenye chumba au kibaraza kilichofungwa kabla hajajua kinachomsibu.

Pampu yangu ya maji inawaka, ila kwa choki tu. Nikifungua choki inazima, au mlio wake unapanda na kushuka bila kutulia. Nimebadilisha filta ya hewa na plagi.

Choki hupunguza hewa. Injini inayotaka choki hata ikiwa imepata moto inakuambia kwamba petroli inayopata ni kidogo kuliko hewa. Ama jeti (kipande chenye tundu dogo linalopimia petroli) imeziba, ama kuna hewa inayoibiwa mahali baada ya kabureta.

Funga koki, mwaga bakuli, kisha lifungue. Katikati utaona mnara. Jeti kuu imekaa chini yake, na juu ya jeti kuna kibomba chenye matundu madogo ubavuni. Toa vyote viwili kwa bisibisi inayojaa vizuri kwenye mfereji wa jeti, maana shaba ni laini na bisibisi nyembamba huuharibu. Inua jeti juu uitazame dhidi ya mwanga. Tundu safi ni duara kamili lenye ukingo mkali. Lililoziba nusu linaonekana kama mwezi mwandamo, na mara nyingi uchafu wenyewe ni utando wa kahawia usiouona mpaka uigeuze jeti polepole. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaona mwanga unapita, wanasema ni safi, wanafunga.

Loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, pitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme, kisha puliza kwa hewa ya kompresa ukiwa umevaa miwani ya kinga. Usitumie keekee wala sindano ya chuma. Ukilipanua tundu kidogo tu, vipimo vya kiwanda vimepotea na injini itakula petroli na kutoa moshi mweusi daima. Usisahau yale matundu ya ubavuni mwa kibomba. Yakiziba, mlio hupanda na kushuka vile vile.

Jeti ya pili, ya mwendo wa chini, ni ndogo zaidi na huziba kwanza. Kwenye kabureta nyingi za aina hii ni kipande cha plastiki au shaba kilichochomekwa juu, chini ya skrubu inayorekebisha mwendo wa chini. Toa skrubu hiyo ukihesabu mizunguko, vuta jeti taratibu, isafishe kwa njia ile ile. Inayozima mara tu choki inapofunguliwa mashine ikiwa haina mzigo, mshukiwa wa kwanza ni hii.

Wakati wa kurudisha kabureta, kagua gasketi mbili na kile kipande cheusi kinachoitenga na silinda. Kikipasuka au gasketi ikiwekwa kinyume, hewa huingia kwa mlango wa nyuma na kusafisha kote huko hakutasaidia. Na tafadhali usiguse springi ya gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) ili kutuliza mlio. Mlio unaopanda na kushuka ni gavana likijaribu kufidia njaa ya mafuta. Ukiivuta springi, unaweza kuifanya injini ikimbie kupita kiwango chake na kuvunja konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni.

Injini yangu inawaka vizuri asubuhi kwa mvuto mmoja au miwili. Nikiizima baada ya kazi haikubali tena mpaka ipoe. Tatizo ni nini?

Kwanza hakikisha hutumii choki wakati ina joto. Ukiifunga, unaifurisha petroli. Acha choki wazi, sukuma aksileta katikati, vuta.

Ikiendelea, jambo la maana ni kupima moto wa plagi dakika ile ile inapokataa, si baada ya kupoa. Koili inayochakaa hufanya kazi ikiwa baridi na kukata ikipata joto. Ukipima baada ya nusu saa utaikuta nzima na utababaika bure. Wakati huo huo legeza mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, tundu la pumzi la mfuniko limeziba: tangi limejitengenezea ombwe na petroli haishuki. Safisha tundu au badilisha mfuniko.

Moto upo na mfuniko ni mzima? Basi mshukiwa ni tapeti, yaani nafasi ya valvu. Valvu zinavyotumika hujichimbia kwenye viti vyake kidogo kidogo, na nafasi kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na shina la valvu hupungua. Injini ikipata joto, shina hurefuka, nafasi inaisha, valvu haifungi sawasawa, kompresheni inavuja. Ikipoa, nafasi inarudi na mashine inawaka kana kwamba haina kosa.

Kupima ni kazi ya robo saa. Injini iwe baridi kabisa. Chomoa plagi, fungua kifuniko cha valvu, zungusha flaiwili mpaka pistoni ifike juu kwenye mpigo wa kompresheni: utajua kwa kuwa roka zote mbili zinacheza kidogo. Ikiwa moja imekaza, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Angalia pia kwamba kifaa cha kupunguza kompresheni wakati wa kuvuta kamba hakiinui valvu. Kwenye injini nyingi, kusogeza pistoni ipite kilele kidogo, kama milimita 6, humaliza shaka hiyo. Pitisha filageji, yaani yale mabapa membamba ya kupimia nafasi. Kwa GX160 kipimo ni milimita 0.15 kwa valvu ya kuingiza na 0.20 kwa ya kutolea moshi, kwa kuongeza au kupunguza 0.02. Injini nyingine zina vipimo vyake, fuata kitabu chake. Bapa lipite kwa ukinzani mdogo tu. Shika skrubu isizunguke wakati unakaza nati, kisha pima tena, kwa sababu kukaza nati mara nyingi husogeza kipimo.

Mashine yangu ya kukata majani iligonga jiwe ikazima. Tangu hapo, nikivuta kamba inaninyang'anya mkono, na mara moja imelipuka kwenye ekzosi. Moto upo, petroli ipo.

Kii ya flaiwili imekatika au imesogea. Hicho ni kipande kidogo cha metali laini kinachoipanga flaiwili kwenye krankishafti (shafti kuu ya injini) ili sumaku ipite kwenye koili kwa wakati unaotakiwa. Kisu kilipogonga jiwe, shafti ilisimama ghafla na flaiwili ikaendelea kuzunguka. Sasa cheche inakuja wakati usio wake, pistoni inarudishwa nyuma, na kamba inakunyang'anya mkono. Kii ikisogea hata milimita moja inatosha kuleta balaa hilo.

Chomoa kofia ya plagi kwanza, ili kisu kisizunguke kikiwa na mkono wako karibu. Toa kifuniko cha kamba, fungua nati ya flaiwili, ivute kwa pula inayofaa. Usiipige kwa nyundo: sumaku hupasuka na ncha ya shafti hupinda. Badilisha kii kwa nyingine ya aina ile ile. Tunasisitiza hili kwa sababu tumeona misumari ikichongwa na kuchomekwa humo. Kii isiyokubali kukatika huhamishia kipigo cha jiwe lijalo kwenye krankishafti yenyewe. Futa koni ya shafti na tundu la flaiwili viwe vikavu, bila grisi, kisha kaza nati kwa kipimo cha kiwanda. Kinachoshikilia flaiwili hasa ni mbano wa koni. Kii kazi yake ni kuonyesha mahali.

Kabla ya kuwasha, zungusha kisu kwa mkono, taratibu, ukitazama ncha ya shafti kwa chini. Ikiyumba, shafti imepinda na mashine hiyo isiwashwe tena mpaka itengenezwe.

Msumeno wangu wa mnyororo, mipigo miwili, uliwaka kidogo ukazima. Nimevuta mara nyingi na choki imefungwa, sasa plagi imelowa chepechepe.

Umeufurisha. Mlio wa kwanza mfupi, hata wa nusu sekunde, ndio ishara ya kufungua choki. Ukiendelea kuvuta imefungwa, silinda hujaa. Toa plagi uikaushe, vuta kamba mara kadhaa ikiwa nje huku swichi ikiwa imezimwa, irudishe, kisha choki wazi, triga ibonyezwe hadi mwisho, breki ya mnyororo imefungwa, vuta. Inaweza kuhitaji mivuto kumi au zaidi.

Ikiwa hali hii hujirudia, kagua mchanganyiko wa mafuta. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili ya mipigo miwili kwa kila lita ya petroli. 25 kwa 1 ni mililita 40. Tikisa galoni kila mara kabla ya kumimina. Kagua pia wavu mdogo ndani ya ekzosi: ukizibwa na masizi, injini haiwezi kutoa pumzi na hivyo haiwezi kuvuta nyingine. Ekzosi ikiwa imetoka, chungulia pistoni. Ubavu laini ni mzuri. Michirizi ya wima inayokwaruza ukucha ina maana imewahi kukaukiwa oili, kompresheni imepotea, na hakuna marekebisho ya kabureta yatakayoirudisha.

Oili ya injini yangu imeongezeka yenyewe na inanuka petroli. Kamba pia imekuwa ngumu kuvuta.

Usivute tena. Sindano ya boya kwenye kabureta, inayokata petroli bakuli likijaa, haifungi, na petroli imeshuka silindani hadi kwenye oili. Kamba iliyokaza inaonyesha kuna petroli juu ya pistoni, na kimiminika hakigandamizwi. Ukilazimisha, konrodi hupinda. Funga koki, chomoa plagi, weka swichi upande wa kuzima, vuta kamba polepole petroli itoke, uso wako uwe mbali na tundu. Safisha au badilisha sindano na kiti chake, na boya likaguliwe pia lisiwe limetoboka. Mwaga oili yote uweke mpya hata kama uliibadilisha wiki iliyopita, kwa sababu oili yenye petroli hailindi beringi. Kuanzia hapo, funga koki kila unapozima, na hasa unapoisafirisha.

Je, naweza kufunga plagi yoyote inayoingia?

Hapana. Uzi unaweza kulingana na urefu ukatofautiana. Ndefu mno inaweza kugongwa na pistoni, fupi mno inawasha vibaya na kuziba uzi kwa masizi. Fuata namba ya kiwanda. Nafasi ya ncha kwa injini nyingi za mipigo minne ni milimita 0.7 hadi 0.8. Kaza kwa mkono hadi ikae, kisha kwa spana nusu mzunguko kwa plagi mpya, au robo na pungufu kwa iliyokwisha kutumika.

Dawa ya kupuliza ya kuwashia injini inafaa?

Kwa mipigo miwili tunaikataa kabisa, kwa sababu inaingia bila oili na kuikausha silinda. Kwa mipigo minne, nusu kijiko cha petroli kinatoa jibu lile lile bila kipigo kikali.

Niihifadhije mashine nisiyoitumia miezi kadhaa?

Kwa injini ya mipigo minne yenye koki: mwaga tangi, washa huku koki imefungwa mpaka izime yenyewe, kisha legeza bolti ya bakuli kumalizia iliyobaki. Badilisha oili. Mimina kijiko kimoja cha oili safi kwenye tundu la plagi, vuta kamba taratibu mara mbili tatu, rudisha plagi. Mwisho vuta polepole mpaka uhisi ukinzani, na uiache hapo: valvu zote zimefungwa na unyevu hauingii silindani. Ukitaka kuacha petroli tangini, ichanganye na dawa ya kuihifadhi ikiwa bado mpya na uiendeshe injini dakika kumi ili dawa ifike hadi kwenye kabureta. Dawa hiyo haifufui petroli iliyokwisha kuharibika.